Ng'ombe Watano kwa Malkia

Jumatatu, 12 Juni 1995

Baba mdogo kanipa hili daftari. Kaniambia: "Luhaga, utaandika kila siku mtamba amekula nini, amekunywa nini, amefanya nini. Mimi niko mjini, usiponiandikia nitajuaje?"

Mimi niliishia darasa la nne. Mwandiko wangu unapanda mlima. Lakini kuandika ni afadhali, nikisema watu wananitazama mdomo halafu maneno yanarudi ndani.

Mtamba yuko kwenye shamba la ng'ombe la serikali ambalo sasa si la serikali tena, huku nyuma ya Nyegezi. Linauzwa vipande vipande. Trekta liliondoka, mabati yakaondoka, sasa ni zamu ya ng'ombe. Anayewauza ni Bwana Venant, alikuwa msaidizi wa meneja. Huyu mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, anamwita Malkia. Ni wa kizungu, mweusi mwenye mabaka meupe, mgongo umenyooka kama meza. Baba mdogo anamtaka kwa mambo mawili: kwanza ashindane kwenye maonyesho ya Nane Nane apate utepe, halafu azae, banda lijae.

Bwana Venant hataki pesa. Anataka ng'ombe watano wa kienyeji. Baba mdogo hana hata mmoja. Mwenye ng'ombe watano ni mimi. Aliniachia marehemu baba, wako kwa bibi Usagara, na kila mtu anajua kwamba ndiyo mahari ya Suzana.

Baba mdogo kasema, "Ndama wa kwanza wako. Wa pili wako. Utamuoa Suzana kwa ng'ombe wa kizungu, mjini pote watasema."

Nikasema ndiyo. Mimi huwa nasema ndiyo.

Jumatano, 14 Juni

Nimehamia shambani. Nitakaa na mtamba mpaka baba mdogo aamue. Bwana Venant katupa mpaka mwisho wa mwezi wa saba, anasema kuna mtu wa Musoma naye anamtaka.

Mkamuaji ni Antoni. Alipunguzwa kazi mwezi wa nne ila bado anakamua, kasema mikono yake haikupata barua. Kanikaribisha: "Huyu Malkia wako ana maringo kuliko mke wa mkuu wa wilaya. Ukimpa majani ya jana anakupa mgongo."

Alhamisi, 15 Juni

Kula: majani ya tembo, mashudu debe nusu. Kunywa: ndoo mbili. Kufanya: hakuna.

Mtamba wa umri huu anapaswa kutaka dume kila wiki tatu. Analia, anawapanda wenzake, anasimama naye apandwe. Nimeanza kuhesabu leo. Siku ya kwanza.

Ijumaa, 16 Juni

Kula: majani, mashudu. Kunywa: ndoo mbili. Kufanya: hakuna.

Jumapili, 18 Juni

Nilikwenda Mkuyuni. Suzana anakaanga mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani wakishatoa minofu. Nilisimama mbali kidogo. Akaniona.

"Wenzangu, nasikia harufu ya ng'ombe hapa."

"Ni mashudu," nikasema.

"Kumbe ana mdomo!" Wale wanawake wenzake wakacheka, mimi nikatazama mafuta. Halafu akasema taratibu, wenzake wasisikie: "Ni kweli ng'ombe wanaenda kwa Venant?"

"Baba mdogo bado anaamua."

"Na wewe?"

Kanipa panki kwenye gazeti. Nimelila njiani, limeniunguza ulimi.

Jumatano, 21 Juni

Baba mdogo kaja na baiskeli yake ya Foniksi. Kamsugua Malkia mwenyewe kwa maji na sabuni ya kipande, huku kavaa viatu vya ofisini. Alifanya kazi chama cha ushirika wa pamba miaka kumi na sita mpaka wanunuzi binafsi walipoingia. Sasa anauza chumvi na viberiti. Alipomaliza kusugua akarudi nyuma hatua tatu, akamtazama kama mtu anayetazama picha yake mwenyewe.

"Watasema huyu ni wa nani? Na spika ya maonyesho itajibu: wa Bwana Doto Shigela, Mkuyuni."

Nikamwambia hajataka dume bado.

"Ana haya," baba mdogo akasema. "Kama wewe."

Jumapili, 25 Juni

Kula, kunywa sawasawa. Kufanya: hakuna. Siku ya kumi na moja.

Jumamosi, 1 Julai

Upepo wa ziwani, vumbi. Ghuba yote ni kijani kwa magugu maji, wavuvi wanasukuma mitumbwi kama wanalima.

Leo ng'ombe mmoja mkubwa alitaka dume. Alilia tangu asubuhi. Mitamba wengine wote walimfuata, wakampanda. Malkia alisimama pembeni anatafuna. Halafu akaja naye, akampanda yule ng'ombe kwa nguvu, kama dume kabisa, ila mwenyewe hakusimama apandwe. Antoni alitazama ardhi.

Alhamisi, 6 Julai

Siku ya ishirini na mbili. Wiki tatu zimepita na hakuna kitu. Nimemtazama nyuma vizuri: chuchu ndogo, na chini ya mkia ana nywele ndefu zilizochongoka. Nywele kama hizo nilishaziona mahali.

Kadi yake pia nimeitazama, Bwana Venant aliiacha ofisini. Ni ya Kiingereza, siwezi kuisoma. Lakini kalamu naijua. Tarehe za miezi ishirini, zote kwa wino mmoja mbichi, mkono mmoja. Kadi za ng'ombe wengine zina wino wa kila rangi na madoa ya mavi. Hii ni safi kama ya jana.

Jumamosi, 8 Julai

Nataka niandike hii yote.

Jioni Malkia alikataa pumba. Antoni alikuwa amekunywa kidogo. Akamshika shavu, akamwambia kwa sauti ya kubembeleza: "Kula, Doto. Kula mama, Doto wangu."

Nikauliza, "Unamwitaje?"

"Jina tu."

Kwetu Doto si jina tu. Wakizaliwa mapacha, anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto. Hakuna mtu anaitwa Doto akiwa peke yake. Baba mdogo anaitwa Doto kwa sababu baba yangu alikuwa Kulwa.

Nikanyamaza. Kunyamaza nakujua. Watu hawapendi kimya, wanakijaza. Antoni akajaza.

"Mama yao alizaa usiku, mimi ndiye niliyevuta. Mwenzake alikuwa mnono kuliko huyu."

"Yuko wapi?"

"Tulimla Pasaka. Tulipopewa barua za kuachishwa, wakubwa walichinja wakasema tuagane vizuri." Akacheka, halafu hakucheka tena. "Nyama yake laini bwana. Nililia na bado nikaongeza sahani."

Hapo akagundua amesema. Akanishika bega: "Luhaga, mimi nalala hapa kwa huruma ya Venant. Sikukwambia kitu."

Nimelala macho wazi. Kwenye shamba la maziwa hakuna mtu anachinja mtamba mzima kwa sherehe. Wanachinja dume. Kwa hiyo Kulwa alikuwa dume.

Na sasa nimekumbuka zile nywele nilikoziona. Kwa bibi, nikiwa nachunga na baba, ng'ombe Mabaka alizaa mapacha, dume na jike. Lile jike lilikua zuri kuliko wote, refu, mgongo umenyooka. Hakuzaa mpaka alipochinjwa. Bibi alisema kaka yake alimmalizia uzazi humohumo tumboni. Baba akaniambia, "Ukikua usinunue jike lililozaliwa pacha na dume, hata ukiambiwa ni la mfalme." Baba mdogo hakuchunga. Yeye ndiye aliyepelekwa shule.

Jumatatu, 10 Julai

Nimekwenda Mkuyuni kumwambia. Njia nzima nimepanga maneno matatu: ni pacha, mwenzake dume, hazai.

Hilo la tatu ndilo gumu. Mama mdogo Justa, mke wa baba mdogo, ameolewa miaka kumi na moja na hajapata mtoto. Nyumba ile hatusemi neno tasa. Hata mti usiozaa uani tunasema "ule mti".

Mama mdogo alikuwepo, anachambua mchele. Baba mdogo alikuwa anatundika msumari ukutani, kwa ajili ya utepe.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba. Malkia hajambo?"

"Baba, yule mtamba ni pacha."

Nyundo ikasimama. "Nani kasema?"

"Anaitwa Doto."

Akakaa chini polepole. Nikaona macho yake yanajaa maji. Sijawahi kumwona hivyo tangu tulipomzika baba.

"Na Kulwa wake?"

"Amekufa."

"Mungu wangu," akasema. "Mungu wangu, Justa, umesikia? Doto aliyefiwa na Kulwa. Nilijua. Nilivyomsugua siku ile nilijua, nikasema huyu ng'ombe ananifahamu." Akasimama, akanikumbatia na nyundo yake mkononi. "Mapacha ni baraka! Atazaa wawili wawili! Tulipozaliwa sisi watu walicheza siku tatu, bibi yako alipewa nafaka akakosa pa kuweka!"

"Baba, lakini yule mwenzake…"

"Nimeshaamua. Ng'ombe waje."

Neno la tatu lilikuwa kwenye ulimi. Nikamtazama mama mdogo. Ameinamia ungo. Vidole vyake vimeacha kuchambua.

Nikaaga.

Nilikwenda kuzima moto, kumbe nimemwaga mafuta ya taa.

Jumatano, 12 Julai

Bwana Venant kaja shambani. Baba mdogo kamwambia mjini, mbele za watu, kwamba anajua ni pacha. Bwana Venant kanitazama muda mrefu. Halafu kacheka.

"Kijana mpole. Wapole ndio wanaosikia mengi, eh?" Kaniambia pacha ana thamani yake, kwa hiyo ni ng'ombe watano na ile Foniksi.

Baba mdogo kakubali.

Alhamisi, 13 Julai

Antoni hasemi na mimi. Anakamua akinipa mgongo.

Jumamosi, 15 Julai

Siku ya thelathini na moja. Hakuna.

Labda nakosea. Labda kuna wanaozaa. Mimi nimemwona mmoja tu maishani, na mmoja si ushahidi. Kama nikisema halafu akazaa, nitakuwa nimemnyima baba mdogo kitu cha pekee anachokitaka tangu kazi iishe.

Kula, kunywa: sawasawa.

Alhamisi, 20 Julai

Mama mdogo kaja shambani peke yake kwa miguu, na ugali na dagaa kwenye kitambaa. Hajawahi kuja. Alisimama kwenye boma akamwangalia Malkia, akaniangalia mimi ninavyomwangalia.

"Hazai," akasema. "Siyo?"

Nikamsogezea Malkia majani.

"Luhaga. Naulizwa na macho kila siku. Kanisani, kisimani, kwa wifi zangu. Macho hayo nayajua. Ndiyo unayomtazamia huyu mnyama."

Nikamweleza yote, nikimalizia na Mabaka wa bibi. Ilitoka bila kukwama. Nadhani kwa sababu yeye alikuwa anatazama ng'ombe, hakunitazama mdomo.

"Kwa nini hukumaliza siku ile?"

Nikatazama chini.

"Kwa ajili yangu." Akacheka kidogo, bila furaha. "Unanificha neno kama mtu anayemficha kilema fimbo. Kunyamaza kwenu kunaniuma kuliko hilo neno."

"Mama, mwambie wewe. Wewe atakusikia."

"Mimi? Mimi nikisema huyo ng'ombe hazai, atasema nina wivu na ng'ombe." Akakunja kitambaa. "Uliyechunga ni wewe. Ng'ombe ni wako. Na Suzana ni wako. Kula, ugali unapoa."

Jumapili, 23 Julai

Suzana kanipa mapanki mawili. Hakutania. Kaniuliza ni lini, nikasema Jumamosi. Akasema, "Haya," akageuza samaki ambaye alikuwa ameshaiva.

Ijumaa, 28 Julai

Ng'ombe wamefika kutoka Usagara jioni. Wamechoka, kwato zimejaa vumbi. Yule mwekundu wa pembe moja alinijua, akaja akanilamba mkono. Baba alimnunua mwaka nilioacha shule.

Sijala.

Jumamosi, 29 Julai

Baba mdogo alikuja na koti la harusi yake. Majirani wa Mkuyuni walikuwepo kama kumi hivi, na mama mdogo kwa nyuma. Bwana Venant alitoa meza nje na karatasi imepigwa chapa.

Foniksi ilikuwa imeegemezwa ukutani, imesafishwa.

Bwana Venant akasoma. Halafu akasema, "Hawa ng'ombe ni mali ya marehemu Kulwa, na mrithi ni huyu kijana. Atie sahihi yeye, baba mdogo ashuhudie. Sitaki kesho mtu aje na maneno."

Kwa hiyo aliyenipa nafasi ni yeye mwenyewe, kwa ujanja wake.

Nilishika kalamu. Ilikuwa ya wino wa buluu. Baba mdogo alikuwa nyuma yangu, nasikia anavyopumua. "Andika tu, baba. Jina lako unalijua."

Watu wakacheka kwa upendo.

Sikuandika. Sijui ilikuwa muda gani. Nzi alitembea kwenye karatasi toka juu mpaka chini. Mtu mmoja akasema, "Amesahau herufi." Wakacheka tena, safari hii siyo kwa upendo.

Nikasema, "Pacha wake alikuwa dume au jike?"

Nilisema kwa sauti ndogo. Bwana Venant akasema, "Nini?"

"Yule mliyemchinja Pasaka. Dume au jike?"

Antoni alikuwa mlangoni pa banda na ndoo. Akaiweka chini, akaingia ndani.

"Dume," Bwana Venant akasema. "Kwani kuna nini? Walichinjiwa wafanyakazi, haki yao."

"Jike lililozaliwa pacha na dume halizai. Nimemtazama siku arobaini na tano. Hajataka dume hata mara moja."

Nikageuka. Baba mdogo alikuwa ananiangalia kama vile nimemwita kwa jina lisilo lake.

"Ushamba huo!" Bwana Venant akasema. "Hawa wa kisasa wanachelewa. Kadi si hiyo?"

"Kadi ya wino mmoja," nikasema.

"Luhaga." Sauti ya baba mdogo ilikuwa chini sana. "Tia sahihi. Nakuomba."

Hajawahi kuniomba kitu. Siku zote ananiambia. Mkono wangu ukaanza kwenda wenyewe, nikaandika L. Iko kwenye karatasi yake, hiyo L.

Ndipo mama mdogo akapita katikati ya watu.

"Hata leo mnaogopa kulitaja," akasema. "Nitalitaja mimi. Tasa. Mimi nimeitwa hivyo miaka kumi na moja, sijafa. Na ng'ombe naye hatakufa kwa kuitwa." Majirani wakaangalia miguu yao. "Bwana Venant, jambo ni dogo. Yuko bwana mifugo Nyegezi, ana mikono miwili. Aje ampime leo. Akisema anazaa, Luhaga atamalizia jina lake, na mimi naongeza cherehani yangu."

Wote tukamtazama Bwana Venant. Alikuwa anaikunja karatasi. Aliikunja mara mbili, mara nne, mpaka ikawa ndogo kama hirizi.

"Mtu wa Musoma hana maneno mengi kama nyinyi," akasema, akaingia ofisini.

Hakusema hapana. Lakini kila mtu aliyekuwa pale aliisikia.

Baba mdogo alivua koti. Akapanda Foniksi. Aliponipita akasema, bila kunitazama: "Umenivua nguo mbele za watu. Kulwa asingenifanyia hivi."

Ng'ombe wamerudi Usagara. Nimewaswaga mwenyewe.

Jumanne, 8 Agosti

Nane Nane. Malkia kachukua utepe wa kwanza wa mitamba. Mwenyewe ni mtu wa Musoma, mnene, amevaa kofia. Spika ikataja jina lake mara tatu. Baba mdogo alikuwa amesimama kwenye uzio. Nilimwona, hakuniona, au alijifanya.

Jioni kasema neno la kwanza tangu ile siku. "Ule utepe ulikuwa wangu."

Msumari bado uko ukutani.

Jumapili, 20 Agosti

Baba mdogo kusema na mimi: hakuna.

Jumapili, 3 Septemba

Nauza chumvi dukani. Baba mdogo ananipa maagizo kupitia kwa mama mdogo, na mimi nipo hapohapo. "Mwambie afunge duka." Mama mdogo ananiambia, "Umesikia mwenyewe, mimi si redio."

Nafikiri ningeweza kuwa nimekosea. Nafikiri kila siku.

Jumatano, 13 Septemba

Leo baba mdogo kamchotea mama mdogo maji kisimani. Ndoo kichwani, watu wanaona. Hakuna aliyesema kitu.

Jumamosi, 23 Septemba

Baba mdogo kaniambia mwenyewe, "Vaa viatu." Tumekwenda kwa miguu mpaka Mabatini. Antoni alikuwa amempa habari, sasa kapata kazi ya kuchuna ngozi kwenye bucha moja huko.

Bucha lilikuwa na foleni. Juu ya ndoano, kati ya paja na mbavu, kimetundikwa kitambaa chekundu chenye maandishi ya dhahabu. Utepe. Una doa la damu kwenye ncha.

Mwenye bucha anaita wateja: "Nyama ya bingwa! Mshindi wa Nane Nane! Mzee, kilo ngapi?"

"Kwa nini alichinjwa?" baba mdogo akauliza.

"Mwenyewe alimpandisha, hakuna. Kaita bwana mifugo, kaingiza mkono, kasema ndani hakuna kitu, basi kaniuzia na utepe wake. Hasara ya mtu, faida ya tumbo. Kilo ngapi?"

Baba mdogo alitazama ule utepe. Nilifikiri atauomba. Akasema, "Hapana, ahsante. Huyu nilikuwa namfahamu."

Njia nzima hakusema. Ila tulipofika kwenye kona ya Mkuyuni alinishika mkono, kama marafiki wanavyotembea, akaniambia: "Kulwa angefanya hivyohivyo ulivyofanya. Angefanya mapema zaidi, angenipiga na kofi." Akacheka na akafuta pua.

Suzana alikuwa anakaanga kwenye karai. "Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie baba yako Jumamosi ijayo asitoke. Tunakuja. Huyu kijana atasema mwenyewe, mimi nitakuwa nimekaa tu."

"Huyu?" Suzana akasema. "Atasema?"

Nyumbani baba mdogo kachukua nyundo, kang'oa ule msumari. Mama mdogo akauomba, katundikia ungo wake jikoni.

Jumamosi, 30 Septemba

Mvua ya kwanza. Ng'ombe watano wako uani kwa baba yake Suzana, wananyeshewa.

Daftari limebaki ukurasa huu.

Kula: mapanki mawili, wali, nyama ya kuku. Kunywa: soda moja na togwa. Kufanya: amesimama mbele ya watu kumi na saba, amesema.